Kabla hujaishusha redio mnarani: DPD inaficha nini, na inashindwa wapi

Fundi_wa_Lehemu (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wazee, na wenzangu poleni na kazi.

Niko Kampala, natengeneza redio za minara ya simu. Nazungumzia zile moduli zinazofungwa juu karibu na antena, zenye mapezi ya alumini mgongoni. Huniletea kutoka Arua, Kasese, Moroto, kila upande. Mwezi huu nimefungua redio tisa, na nne kati yake hazikuwa na ugonjwa wowote. Nne nzima! Mtu amepanda mnara, ameziteremsha kwa kamba, zimelala kwenye gari usiku kucha, na mtaa mzima umekaa bila mtandao, kwa sababu alamu iliandika kwamba masahihisho ya kikuza nguvu (ndiyo DPD, digital predistortion) yameshindwa. Fundi aliposoma "kikuza nguvu" akaona kazi imekwisha.

Inaniuma, kwa hiyo nimeamua kukaa chini niandike. Alamu ile inasema sahihisho limeshindwa. Haisemi nani amelishinda.

Nianze na mwanzo, maana humu kuna vijana pia. Kikuza nguvu ndicho kipande cha mwisho kabla ya antena: kinapokea wimbi dogo na kulitoa kubwa. Tabia yake ni kwamba wimbi dogo hukuzwa sawasawa, lakini wimbi linapokaribia kilele cha uwezo wake, ukuzaji hupungua. Kilichopaswa kutoka mara mia kinatoka mara tisini, kisha themanini, mwisho kinagota ukutani. Umbo la wimbi linaharibika, na wimbi lililoharibika humwagika kwa jirani. Ukiingiza mawimbi mawili, la megahezi 1,840 na la 1,850, utaona watoto wametokea kwenye 1,830 na 1,860, mahali ambapo hukutuma kitu.

Zamani za GSM hili halikusumbua sana, kwa sababu kimo cha wimbi lake hakibadiliki. 4G ni habari nyingine. Inajumlisha mawimbi madogo mamia kwa mamia, na yakikutana yote juu kwa pamoja, kilele kinafika desibeli 10 juu ya wastani, yaani mara kumi. Hata baada ya kuvikata vilele kwa hesabu hadi karibu desibeli 7, redio ya wati 40 bado inadaiwa wati 200 kwa kitambo kidogo sana. Isipozitoa safi, mteja anapata data iliyochakaa na jirani wa masafa anapata takataka.

Dawa ya kizamani ilikuwa kununua kikuza kikubwa na kukiendesha polepole, mbali na ukuta. Kinakuwa safi, lakini kinakula umeme na kutoa joto. Piga hesabu: sekta inayotoa wati 80 kwa ufanisi wa asilimia 20 inakula wati 400. Ikiwa asilimia 40, inakula 200. Tofauti hiyo kwa sekta tatu, saa 24, ni yuniti 14 na ushei kila siku. Mnara unaoishi kwa jenereta hapo umeokoa lita kadhaa za dizeli, kila siku ya Mungu.

Ndipo ikaja DPD. Badala ya kukionea kikuza huruma, unakiendesha karibu na ukuta, lakini wimbi unalikosea makusudi kabla halijaingia. Fikirieni fundi cherehani wa soko la Owino anayejua kitambaa fulani kitarudi kikifuliwa. Hagombani na kitambaa. Anakata kikubwa pale pale kitakaporudi, na nguo ikitoka majini inamkaa mteja sawasawa. DPD ni mkasi huo. Kikuza kitapunguza kilele, basi kilele kinarefushwa mapema kwenye tarakimu. Makosa mawili yanafutana.

Shika jambo moja hapo: fundi anaongeza inchi kama kitambaa kipo. Kikiisha, hakuna mkasi utakaomsaidia. Huko ndiko ninakotaka kufika.

---

Mwanafunzi_Kyambogo

Asante sana mwalimu. Swali langu: kama tabia ya kikuza inajulikana, kwa nini kiwandani wasipime mara moja, waandike jedwali, wakamaliza? Kwa nini hesabu iendelee usiku na mchana?

---

Fundi_wa_Lehemu

Swali zuri kijana wangu. Kwa sababu kikuza cha asubuhi si cha mchana. Redio ileile ukiifunga Kabale, mita zipatazo 2,000 juu, usiku inatetemeka kwa baridi. Ipeleke Moroto saa nane mchana, bati la mapezi huligusi kwa mkono. Transista inabadilika kwa joto, inabadilika kwa umri, inabadilika ukiihamishia masafa mengine. Jedwali la kiwandani lingekuwa kweli siku moja tu.

Kwa hiyo redio inajisikiliza. Baada ya kikuza kuna kapla, kijinjia kidogo kinachoiba tone la kile kinachotoka. Tone hilo linapita kwenye kipokezi chake maalumu, linageuzwa tarakimu, linapangwa sambamba na kile tulichokusudia kutuma, kisha hesabu inauliza: tofauti ni ipi? Kutokana na tofauti hiyo zinatafutwa namba mpya za mkasi. Namba zenyewe ni makumi kadhaa, na kazi hiyo inarudiwa bila kuchoka.

Kipokezi hicho lazima kiwe na macho mapana kuliko wimbi lenyewe. Ukituma wimbi la megahezi 20, uchafu wa daraja la tatu, yaani wale watoto wa karibu, unaenea hadi 60, wa daraja la tano hadi 100. Ukitaka kusahihisha uchafu wa tano, sharti uone megahezi 100 zote. Usichokiona hukisahihishi.

---

Dada_wa_Masafa

Niongeze kidogo hapo kwa mwanafunzi wetu, maana nafanya programu za upande huu. Jedwali la kawaida halitoshi kwa sababu nyingine pia: kikuza kina kumbukumbu. Angalia mpika rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, pale barabarani. Chapati ya kwanza ya asubuhi na chapati ya tano, unga uleule, moto uleule, haziivi sawa, kwa sababu kikaango kimebeba joto la zile zilizotangulia. Transista vilevile. Jibu lake kwa kilele hiki linategemea vilele vilivyopita sasa hivi: joto lake la ndani, kapasita za njia ya umeme, na kwa transista za galiamu nitridi kuna chaji zinazonaswa ndani na kuachiwa polepole.

Ndiyo maana hesabu zetu hazitazami sampuli moja. Zinatazama hii ya sasa pamoja na kadhaa zilizotangulia, kila moja ikipandishwa madaraja yake. Hiyo ndiyo polinomia yenye kumbukumbu, na mizizi yake ni kazi za Vito Volterra, mwanahisabati wa Italia. Galiamu nitridi inatupa ufanisi mzuri, ila kwa upande wangu ndiyo inayoninyima usingizi.

---

Mzee_wa_Valvu

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi nimestaafu, nilikuwa kwenye mitambo ya utangazaji enzi za valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista, tukifika asubuhi tunasubiri zipate moto kwanza.

Msidhani mambo haya yote ni ya jana. Kikuza cha redio zenu za siku hizi, chenye transista mbili, moja ya kazi ya kila siku na nyingine ya kuamka vilele vikija, ni cha William Doherty wa Bell Labs, mwaka 1936. Alikibuni kwa valvu, kwa ajili ya mitambo mikubwa ya redio. Na kusahihisha makosa ya kikuza, Harold Black alianza nako mapema zaidi. Kwanza alifikiria kupima kosa na kuliondoa mbele ya safari. Halafu tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, likamjia wazo la kurudisha sehemu ya kinachotoka ikapambane na kinachoingia, akalichora papo hapo kwenye ukurasa wa gazeti.

Tulichokosa sisi ni hesabu za haraka. Wazo la kukosea mapema ili mwisho unyooke tulilijua, lakini tungelifanya kwa nini? Kwa dayodi moja na kipingamizi cha kuzungusha kwa bisibisi, na kesho yake joto likibadilika unazungusha tena. Fundi wa Lehemu, ulisema kuna unakotaka kufika, pale kitambaa kinapoisha; tupe kisa, nakusubiri.

---

Fundi_wa_Lehemu

Shikamoo mzee wangu, na asante. Kisa kinamhusu huyo huyo Doherty wako.

Ililetwa redio kutoka mnara mmoja wa magharibi. Mafundi wa kule walikuwa wameibadilisha, wakairudisha, wakaibadilisha tena, kwa sababu mchana ilikuwa safi kabisa. Ukipima asubuhi, hakuna kosa. Ikifika saa mbili usiku, watu wamerudi nyumbani, kila mtu yuko kwenye simu, alamu ya sahihisho inalia, redio inajipunguzia nguvu ili isiharibu masafa ya jirani, na watu wa ng'ambo ya bonde wanakosa mtandao hadi usiku wa manane. Hapo taratibu inapona yenyewe. Watu walianza kusema ni hewa ya usiku.

Nikaiweka mezani na mzigo bandia, kifaa kinachomeza wimbi badala ya antena. Kwa nguvu ndogo ilikuwa nzuri kuliko mpya. Nikapandisha hadi wati 40 za wastani. Kiwango kinachotakiwa ni uchafu wa jirani kuwa chini kwa desibeli 45, yaani sehemu moja kati ya takriban 31,600. Yangu ilisoma 36. Nikatazama namba za mkasi: hesabu ilikuwa inavuta vilele juu, juu, juu, na kutoka nje hakuongezeki kitu. Kitambaa kimeisha, lakini fundi cherehani bado anatafuta inchi.

Nikafungua kifuniko, nikaelekeza kamera ya joto. Transista zilikuwa mbili kando kwa kando, kila moja pana kama kucha ya kidole gumba. Ya kazi za kila siku ilikuwa nyeupe kwenye kioo, inachemka. Ya vilele ilikuwa vuguvugu tu. Kwa mzigo ule ilipaswa kuwa imevuja jasho! Nikapima geti yake: sifuri. Ilipaswa kuwa na voltije yake ndogo ya kuiweka tayari, ili kilele kikija iamke kwa wakati. Nikafuata njia kwa miwani ya kukuza, nikaikuta: kwenye mguu wa kipingamizi kidogo kama punje ya mtama, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba, unaonekana tu ukiinamisha ubao upande wa taa. Kila siku joto, kila usiku baridi, bati linatanuka na kunywea, mwisho lehemu imechoka. Pasi ya kulehemu, sekunde tatu. Nikawasha: desibeli 51.

Mchana kulikuwa na watumiaji wachache, vilele vifupi, transista ya kwanza ilitosha na DPD ikafunika kasoro ndogo zilizobaki. Ndiyo maana nimesema inaficha. Ugonjwa ulikuwepo saa zote, sahihisho likaubeba hadi lilipozidiwa.

Kwa hiyo ukipata alamu hii, swali la kwanza si "redio gani". Ni "saa ngapi, na mzigo ulikuwa kiasi gani". Kama inakuja na mzigo na kuondoka na mzigo, shuku kikuza. Kama inakuja na jua, shuku joto. Kama inakuja na mvua, kwa jina la Mungu, usiiguse redio kwanza.

---

Mpanda_Mlingoti

Kaka, hiyo ya mvua imenigusa, maana mimi ndiye ninayepanda. Zile nne ulizosema hazikuwa na ugonjwa, sababu ilikuwa nini?

---

Fundi_wa_Lehemu

Ndugu yangu, niliwapigia waliozileta, mmoja mmoja. Mbili, walipokwenda kuangalia, jampa, zile kebo fupi kati ya redio na antena, zilikuwa na maji ndani ya konekta. Mkanda wa kuziba ulizungushwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila tabaka likawa mfereji wa kuingiza mvua. Uanzie chini upande juu, kama mabati yanavyopishana.

Maji yakiingia, wimbi linarudi. Redio nyingi zina sakyuleta inayomeza kinachorudi kabla hakijafika kwenye transista, lakini kapla inayoiba tone si kamilifu: inachanganya kidogo cha kwenda na cha kurudi. Kinachorudi kikiwa kikubwa, tone linachafuka. Hesabu inadhani kikuza ndicho kilichokosea, inasahihisha kosa ambalo hakulifanya, na inaharibu zaidi.

Ya tatu ilikuja na udongo mgumu katikati ya mapezi. Nyigu walijenga humo, chumba juu ya chumba, theluthi nzima ya mgongo haikupitisha hewa. Nilikwangua kwa kijiti cha mianzi nusu saa. Ya nne, programu ilikwama, ilihitaji kuzimwa na kuwashwa.

---

Mwanafunzi_Kyambogo

Samahani wakubwa, je, DPD inaweza kusahihisha uchafu unaozaliwa na bolti zenye kutu? Tumefundishwa kuhusu PIM (passive intermodulation), ndio uchafu huo wa bolti na viungo, lakini sioni tofauti yake na huu wa kikuza, hesabu ni zilezile.

---

Dada_wa_Masafa

Hesabu ni zilezile, mdogo wangu, lakini mahali unapozaliwa ni pengine. Uchafu wa kikuza unazaliwa kabla ya kapla na kabla ya filta. Kapla inauona, mkasi unaukata, na ule ulio mbali filta inamalizia. PIM inazaliwa baada ya vyote hivyo: konekta iliyolegea, bolti yenye kutu mbele ya antena, uzio wa bati juu ya paa. Hapo filta ya kutuma imeshapitwa, na uchafu unarudi moja kwa moja kupitia antena hadi kwenye kipokezi.

Chukua mawimbi mawili ya kutuma, 935 na 960. Mara mbili ya 935 toa 960 ni 910, na 910 iko ndani ya masafa ambayo mnara unasikilizia simu za watu. Kwa hiyo PIM kwa kawaida haikuletei alamu ya DPD. Inakuletea kelele upande wa kupokea, zinazopanda kila utumaji unapopanda. Simu ya mteja inaonyesha alama zote nne na bado sauti yake haifiki.

Wapo wanaotengeneza hesabu za kufuta PIM upande wa kupokea, na zinasaidia, lakini ni kazi tofauti na DPD. Bolti ibadilishwe tu.

Na kwa kuwa tunaelekea 5G: antena za njia 64, ukigawa wati 200 unapata wati 3 na kidogo kwa kila kikuza. Hapo kila njia inataka mkasi wake, na umeme wa kupiga hesabu unaanza kula ile akiba tuliyoifuata. Kwa hiyo tunarudi kwenye hesabu fupi zaidi. Polinomia ya kifahari ninayoifurahia kwenye redio ya wati 40, kwenye kikuza cha wati 3 ni hasara. Hili nalisema kwa uchungu kidogo.

---

Mzee_wa_Valvu

Kwetu tulipima kwa sikio na kwa mita ya sindano, lakini ukweli ni uleule: jirani yako wa masafa hakuoni, anasikia tu uchafu wako. Tume ya Mawasiliano ikikugawia kipande chako, umeahidi kubaki ndani yake.

---

Mpanda_Mlingoti

Wakuu, narudi na taarifa. Nilikuwa na kibali cha kushusha redio leo asubuhi, alamu ni hiihii. Baada ya kusoma uzi nikaomba kwanza kumbukumbu za alamu za wiki mbili. Imelia mara sita. Nikaweka kando ya siku za mvua hapa kwetu: mara tano kati ya sita, mvua ilinyesha mchana ule au usiku wake.

Nimepanda saa nne. Jampa ya kushoto, nilipofungua konekta, yametoka maji kama kijiko cha chai, na pini ya kati imeota ukijani. Mkanda umezungushwa kutoka juu kwenda chini, kaka, kama ulivyosema. Nimefunga jampa mpya, nimekaza kwa spana ya kupimia, nimezungusha mkanda kuanzia chini. Wimbi linalorudi lilikuwa desibeli 9 tu chini ya linalokwenda. Sasa ni 22.

Redio sijaishusha. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, nitaacha simu wazi usiku.

---

Fundi_wa_Lehemu

Umefanya vyema sana ndugu yangu. Ikilia usiku bila mvua, niandikie saa na mzigo, nitakaa macho.

---

Mpanda_Mlingoti

Saa tano usiku. Imenyesha tangu saa moja, radi juu. Mzigo ulifika kileleni saa mbili na nusu. Hakuna alamu. Uchafu wa jirani unasoma 50.